Gereza Lisomwe kwa Historia

Mwanafunzi wa sheria anayelijua gereza kwa vifungu tu bado hajalisoma. Tunashikilia kwamba vyuo vikuu vyetu vilifundishe kwa historia yake: nani alilileta, kwa manufaa ya nani, na tabaka gani lilijaza vyumba vyake.

Kabla ya ukoloni, jamii zetu nyingi zilimaliza makosa kwa fidia. Aliyedhuru alilipa, akarudi kwa wenzake. Mkoloni Mjerumani alihitaji nguvukazi. Kuanzia 1898 alitoza kodi ya nyumba, ilipwe kwa fedha au kwa kazi, na mkaidi alikutana na kiboko na mnyororo. Mwingereza aliendeleza kodi, na mwaka 1931 akaunda Idara ya Magereza. Mkulima aliyekosa shilingi za kodi akahesabiwa mhalifu.

Makada wengi huishia hapo, kwa kuwa kumlaumu mkoloni ni rahisi. Lakini mwaka 1963, tukiwa tumekwisha kujitawala, sheria ya viwango vya chini vya adhabu iliamuru viboko 24 kwa baadhi ya makosa ya wizi na rushwa: 12 mfungwa akiingia gerezani, 12 akitoka. Chombo cha mkoloni tulikirithi, tukakitumia.

Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inamruhusu mkosaji wa makosa madogo kuitumikia jamii akiwa nje ya gereza. Ndugu wanafunzi, utafiti wenu uanzie hapa: kwa nini maskini angali akifungwa pale ambapo fidia ingetosha?