Mfamasia Kando ya Kitanda cha Mahututi

Kwa sehemu kubwa ya historia yake, mfamasia wa hospitali alifanya kazi nyuma ya dirisha. Daktari aliandika, muuguzi akapeleka karatasi, dawa ikatolewa. Safari ya kumtoa dirishani hadi kwenye kitanda cha mgonjwa mahututi ina umri wa miaka kama sitini, na katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki haijafika mwisho.

Wodi ya mahututi yenyewe ilizaliwa Copenhagen. Mwaka 1952 polio iliwalemaza wagonjwa misuli ya kupumulia, na daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akaelekeza watobolewe koo na kusukumiwa hewa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu, usiku na mchana. Mwaka uliofuata Ibsen alifungua wodi maalumu kwa wagonjwa wa namna hiyo. Mfamasia hakuwamo. Nafasi yake ilianza kuonekana mwaka 1966, pale Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kilipofungua famasi ndogo ndani ya wodi za upasuaji na kuwaweka wafamasia karibu na madaktari na wagonjwa.

Ushahidi mzito ulikuja mwaka 1999 kutoka Hospitali Kuu ya Massachusetts, Boston. Mfamasia aliungana na raundi ya asubuhi katika wodi ya mahututi, na madhara ya dawa yaliyotokana na makosa ya kuagiza, ambayo yangeweza kuzuilika, yakashuka kutoka 10.4 hadi 3.5 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa kulazwa. Alitoa mapendekezo 366 kuhusu dawa walizoandikiwa wagonjwa. Madaktari waliyakubali 362.

Takwimu hizo zinaeleweka mtu akitazama kitanda kimoja tu. Mgonjwa mahututi anaweza kuwa na dawa kumi au zaidi, nyingi zikipitia mishipani, huku figo na ini vikibadilika kila siku. Jentamaisini iliyomfaa jana huweza kumharibu figo leo. Fenitoini ikichanganywa na dripu ya glukosi huganda kuwa chembechembe. Potasiamu ikisukumwa mshipani bila kuzimuliwa husimamisha moyo. Noradrenalini hupimwa kwa mikrogramu kwa kilo kwa dakika, na nukta ya desimali ikikosewa kipimo huweza kuzidi mara kumi. Muuguzi mwenye wagonjwa watatu hawezi kuachiwa hesabu zote hizo peke yake.

Moshi, kaskazini mwa Tanzania, ina historia yake katika jambo hili. KCMC (Kilimanjaro Christian Medical Centre), hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Mlima Kilimanjaro, iliwahi kuwa na famasi iliyotengeneza dripu zake. Kazi hiyo haina mzaha: gramu 9 za chumvi kwa kila lita ya maji yaliyotakaswa, kuchuja, kujaza chupa, kisha kuzichemsha kwa mvuke wa nyuzi 121 ili kuua vijidudu. Dripu ndiyo dawa ya kwanza ya mahututi, na aliyeitengeneza alikuwa tayari sehemu ya matibabu hata kama hakuingia wodini.

Wataalamu wa famasia hufundishwa hapa nchini. Masomo ya famasia yalianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1974, Moshi kukawa na Kilimanjaro School of Pharmacy, na leo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, inatoa shahada ya uzamili katika famasia ya hospitali na tiba. Sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Famasi. Nyingine ya mwaka 2011 ikachukua nafasi ya sheria hiyo.

Elimu ipo, sheria ipo. Kinachokwamisha zaidi ni ikama: pale wafamasia wawili au watatu wanapohudumia hospitali nzima, dirisha na ghala hula saa zote, na raundi ya asubuhi hupita bila wao. Hospitali inayopanga watumishi wa wodi ya mahututi imhesabu mfamasia pamoja na muuguzi na daktari wa usingizi, tangu siku ya kwanza ya kupanga.