Al-Biruni na Ilimu ya Kulinganisha Dini

Mwanzo wa ilimu ya kulinganisha dini, kama usimuliwavyo katika vyuo vikuu vya Ulaya, aghalabu huwekwa mwaka 1870, pale Friedrich Max Müller, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Oxford, aliposimama mbele ya wasikilizaji mjini London na kudai kwamba dini zote za walimwengu zaweza kuchunguzwa kwa kanuni moja. Lakini miaka 840 kabla ya mihadhara hiyo, katika mji wa Ghazna, ulio Afghanistan ya leo, mwanachuoni wa Kiislamu alikwisha kuandika kitabu kizima kwa kanuni hiyo, tena kwa insafu ambayo wengi wa baada yake hawakuifikia.

Abu Raihan al-Biruni alizaliwa Khwarazm mwaka 973, akawa mashuhuri kwa falaki na hisabati; na Sultani Mahmud alipoiteka nchi yake mwaka 1017, alichukuliwa pamoja na maulamaa wengine mpaka Ghazna. Majeshi ya Mahmud yalikuwa yakiingia Bara Hindi mara kwa mara, yakivunja mahekalu na kuteka ngawira, na Al-Biruni hakusita kuandika kwamba vita hivyo viliharibu neema ya nchi na kuwatia Wahindu bughudha kubwa juu ya Waislamu. Yeye alishika njia nyingine: alijifunza Kisanskriti akiwa mtu mzima, akawauliza Mabrahmani, akafasiri kwa Kiarabu kitabu cha Patanjali juu ya yoga.

Katika dibaji ya kitabu chake juu ya Bara Hindi, chenye milango 80, asimulia kuwa kilichomsukuma ni mazungumzo na Abu Sahl wa Tiflis, aliyechukizwa na mwandishi mmoja aliyeyapotosha madhehebu ya Muutazila. Kwa hiyo Al-Biruni alihesabu sababu zimfanyazo mtu kutoa habari za uongo, zikiwamo tamaa ya manufaa, mapenzi, chuki na ujinga, kisha akajiwekea sharti: atayaandika maneno ya Wahindu kama wayasemavyo wenyewe, bila ya kuyakanusha, na kando yake ataweka ya Wayunani, ya masufi na ya Wakristo yanayokaribiana nayo.

Uzuri wa mbinu hii waonekana zaidi katika mlango wa masanamu. Al-Biruni aeleza sanamu la mji wa Multan, lililokuwa la mti, limevikwa ngozi nyekundu, na machoni lina yakuti mbili nyekundu. Na asimulia kuwa jemadari wa Kiislamu Muhammad bin Qasim, alipouteka mji huo, aliliacha lisimame kwa sababu mahujaji wake walileta mali, lakini akalitundikia nyama ya ng'ombe shingoni kwa kulidhihaki. Juu ya hayo hakusema kwamba Wahindu wote huabudu mti. Alisema katika kila umma wamo wenye ilimu, ambao fikira zao huelekea maana isiyoonekana, na wamo watu wa kawaida, ambao nyoyo zao hushika kile kionekanacho. Na aliwakumbusha Waislamu wenziwe kwamba asiyesoma, akionyeshwa picha ya Mtume au ya Al-Kaaba, ataibusu na kuisugulia mashavu. Al-Biruni hakuficha kwamba yeye ni Mwislamu na kwamba ibada ya masanamu ni kosa kwake. Lakini alijua kuwa anayelinganisha falsafa ya dini yake na mazoea ya watu wa kawaida wa dini ya jirani amekwisha kuhukumu kabla ya kusikiliza.

Kosa hilo ndilo lililoenea Ulaya katika karne ya 19. Müller alisimamia majalada 50 ya tafsiri za vitabu vitakatifu vya Mashariki, yaliyotoka kati ya 1879 na 1910, nayo ni kazi tukufu, lakini mwanaanthropolojia E. B. Tylor, katika kitabu chake cha 1871, na James Frazer baada yake, walizipanga itikadi za watu daraja kwa daraja, Waafrika wakawekwa chini, kwa kutegemea sana habari za wasafiri na wamishenari. Wakati huo huo Eduard Sachau alichapisha matini ya Kiarabu ya Al-Biruni mwaka 1887, na tafsiri ya Kiingereza mwaka uliofuata; naye ndiye aliyeongoza chuo cha lugha za Mashariki mjini Berlin.

Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda, aliposhitaki mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba wataalamu wamezieleza dini za Kiafrika kwa istilahi za Wayunani na za kanisa mpaka wenyewe hawazijui tena, alikuwa akidai haki ile ile aliyoitenda Al-Biruni. Ulinganisho wa dini hustahili kuitwa ilimu pale tu ambapo mwenye dini, akisomewa yaliyoandikwa, atajitambua humo, hata kama haikubali hukumu ya mwandishi.