Daraja la mtandao ni nini?

Daraja la mtandao ni programu inayounganisha matundu ya waya na Wi-Fi za kompyuta viwe mtandao mmoja. Kompyuta moja inaweza kubeba madaraja kadhaa.

Chukua mfano wa chama cha ushirika cha kahawa Mbinga: daraja la kwanza ni la hesabu za wakulima, la pili linawapa wageni intaneti. Kila tundu huwekwa kwenye daraja moja tu. Madaraja hayapitishiani taarifa, mpaka kompyuta yenyewe iruhusiwe kuzipitisha.

Fundi akimaliza, mwambie ajaribu kufungua hesabu kwa simu iliyo kwenye mtandao wa wageni. Zikifunguka, malipo ya wakulima hayako salama.

Angalizo: madaraja mawili yakiunganishwa kwa waya mbili, taarifa huzunguka bila kikomo na mtandao hukwama. Mwaka 1985 Mmarekani Radia Perlman alibuni kinga ya tatizo hilo, hakikisha imewashwa.