Taa za LED Stejini: Hivi Ndivyo Unaseti Rangi Ndio Msanii Asitokee Kijivu kwa Video

Ushawahi cheki klipu ya shoo, msanii ako na melanin yake safi, lakini kwa video anatokea kijivu ama kijani kama msee ametoka wodi? Usilaumu simu haraka. Mara mingi ni taa hazijasetiwa. Na stegi ikishabomolewa, hiyo klipu ndio inabaki mtandaoni na jina lake. Rada ndio hii.

Shida hutoka wapi?

Balbu za kitambo za stegi, zile za tangsteni, hutoa rangi zote za upinde wa mvua kwa pamoja, kwa Kelvin 3200 hivi. Taa ya LED ya RGB inatoa tatu tu: nyekundu, kijani na bluu. Ukizichanganya, jicho linaona nyeupe, lakini katikati kuna mapengo, haswa kwa manjano na chungwa. Ngozi ya kahawia inategemea hizo rangi sana. Taa ikizikosa, ngozi haina kitu ya kurudisha kwa kamera. Ndio maana taa za maana huongezewa LED nyeupe, ya rangi ya asali ama ya ndimu.

Usidanganywe na CRI

CRI ni alama ya uaminifu wa rangi, na ya juu kabisa ni 100. Lakini hiyo alama ni wastani wa rangi 8 zilizopoa. Nyekundu iliyokolea, R9, haihesabiwi, na ngozi inaihitaji. Taa inaeza andikwa CRI 80 na R9 iko karibu sifuri. Kama shoo inarekodiwa, ulizia TLCI, kipimo cha EBU kinachofuata vile kamera inaona, si jicho. Ikifika 85 kwenda juu, uko fiti.

Kuseti, hatua kwa hatua

1. Washa taa kama nusu saa mapema. LED ikipata moto rangi inasonga, na nyekundu ndio hushuka sana.

2. Tenga taa za uso na za mapambo. Zile za nyuma cheza nazo zambarau yako yote. Za uso zibaki nyeupe safi.

3. Chagua nyeupe moja, 3200 ama 5600, kisha funga WB ya kamera zote hapo. Ukiiacha kwa oto, kamera itabadilisha ngozi kila taa ikibadilika.

4. Linganisha taa moja moja kwa kadi ya kijivu. Kila chaneli ya DMX inaenda 0 hadi 255, lakini 255 kwa zote tatu si lazima ikupe nyeupe. Taa za bachi tofauti pia hazitoi sare. Punguza zenye nguvu zifuate dhaifu, angalia kijani isizidi, halafu sevu.

5. Simamisha mtu mwenye ngozi kama ya msanii. Kadi peke yake haitoshi. Kwa miaka mingi maabara za picha zilitumia kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, kama kipimo cha ngozi. Watu weusi wakawa wanatokea vibaya. Usirudie hiyo stori.

6. Punguza taa hadi asilimia 10 ucheki tena. LED za bei ya chini huharibu rangi zikififia, na wimbo wa polepole ndio utakuanika.

7. Mistari ikipita kwa video, jaribu shata ya 1/50 ama 1/100, ju stima ya Kenya ni 50Hz. Ikikataa, ingia menyu ya taa upandishe frikwensi ya PWM.

Huna mashine ya kupima?

Bado unaeza. Tumia kamera ileile itarekodi shoo, WB ikiwa imefungwa, na uangalie kwa skrini unayoiamini. Skrini kubwa ya nyuma ikiwa bluu sana, ishushe mwangaza kabla hujagusa taa za uso.

Kama wewe ni msanii ama meneja, usingoje siku ya shoo. Mkiongea sauti, ongeeni pia taa: omba nusu saa ya kuseti, na klipu ya majaribio ya sura yako kabla geti ifunguliwe. Geti ikishafunguliwa, hakuna mtu atakusetia.