Kamirithu: Wanakijiji Waliojenga Jukwaa Lao

Kama umewahi kuigiza Mwana Mpotevu kwenye kongamano la vijana huku umejifunga shuka la mama yako, habari hii ni yako. Wengi wetu tunadhani maigizo ni ya kujazia muda tu, mhubiri akichelewa. Basi sikia ya Kamirithu, kijiji cha Limuru, Kenya.

Mwaka 1976 walianza na kisomo cha watu wazima. Walikuwa wakulima wadogo, vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata. Walipojua kusoma wakasema, sasa tunataka mchezo wetu. Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii (usiwachanganye) wakauandika kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikitaka. Kimani Gecau akauongoza.

Hapa ndipo ninapopapenda. Mazoezi yalifanyika nje, mbele ya kila mtu. Mpita njia anasimama, anasikiliza, anasahihisha! Wazee wakasema mzee wa kweli haongei hivyo, maneno yakabadilishwa. Watu wa kiwandani wakaeleza kazi yao ilivyo hasa. Ramani ya jukwaa ilianza kwa njiti za kiberiti, halafu wanakijiji wakajenga kwa mikono yao uwanja wa wazi wa kukaa watu zaidi ya 2000. Kufikia siku ya ufunguzi, tarehe 2 Oktoba 1977, wako waliokuwa wameshika mchezo wote kichwani bila kupewa nafasi ya kuigiza.

Na mchezo wenyewe je? Kiguunda, maskini mwenye ekari moja na nusu, ametundika hati ya shamba ukutani. Tajiri wake anaitwa Ahabu Kioi, mkewe Jezebeli. Si unaikumbuka 1 Wafalme 21? Lakini Ahabu huyu haji na mawe. Anakuja na Biblia, anamsihi Kiguunda akafunge ndoa kanisani. Kiguunda anakopa benki kwa ajili ya harusi hiyo, na shamba linakwenda. Kusema kweli, mimi mwinjilisti niliposoma hapo nilikasirika kwanza. Baadaye nikakumbuka harusi ambazo mimi mwenyewe nimezihimiza, nikanyamaza.

Tarehe 16 Novemba 1977 kibali kikaondolewa. Mwisho wa Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kesi. Na ajabu ni hii: mwaka huohuo riwaya yake ya Kiingereza, Petals of Blood, yenye lawama kalikali vilevile, ilizinduliwa na waziri, Mwai Kibaki. Kumbe kitabu cha Kiingereza hakikuwatisha. Kilichowatisha ni mchuma chai aliyesimama jukwaani akisema kwa lugha ya mama yake.

Wenyewe hawakukata tamaa. Wakaandaa mchezo mwingine, Maitu Njugira, wakanyimwa Jumba la Taifa la Maonyesho, Nairobi. Machi 1982 kituo chao kikapigwa marufuku, polisi wenye silaha wakaja wakabomoa lile jukwaa. Gecau na Ngugi wa Mirii wakavuka mipaka hadi Zimbabwe, wakaendelea na maigizo ya vijijini huko.

Mwezi Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilichezwa Nairobi tena, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Ilichezwa ndani ya jumba lilelile walilofungiwa mlango.