Umbali Hauna Hatia: Malezi ya Watafiti wa Uzamili na Uzamivu Mkoani Katavi

Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anapokwama mkoani, lawama huangukia umbali: msimamizi yuko Dar es Salaam, mwanafunzi yuko Majengo, Mpanda, na mtandao unasumbua. Tiba inayopendekezwa ni intaneti ya kasi, maktaba ya kidijitali na usimamizi kwa video. Makala haya yanapinga maelezo hayo. Umbali upo, lakini unabebeshwa kosa la ukosefu wa malezi ya kitaaluma.

Kwamba elimu ya juu iwafikie watu mikoani, hilo halina ubishi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha 1994, kilisimama juu ya wazo hilo. Ubishi unaanza tunapodhani kuwa utaratibu unaomfaa anayejiandaa kwa mtihani unamfaa pia anayejifunza kutafiti. Wa kwanza anaweza kwenda mbali na moduli zake. Wa pili hafiki popote bila watu wa kubishana naye.

Katavi yenyewe inatupa ushahidi. Mwaka 1985 hadi 1986 Liisa Malkki, mwanafunzi wa uzamivu wa Harvard, alifanya utafiti miongoni mwa wakimbizi wa Burundi huko Mishamo, wakati huo wilaya ya Mpanda. Mishamo ilikuwa mbali na Harvard kuliko Majengo ilivyo mbali na chuo chochote cha Tanzania, na zama za usimamizi kwa video zilikuwa hazijafika. Hata hivyo, kazi hiyo ilizaa kitabu, Purity and Exile (1995), ambacho wanazuoni wa masuala ya wakimbizi wanakirejelea hadi leo. Mtu atasema Harvard ina fedha. Ni kweli, na mfano mmoja hauthibitishi kanuni. Lakini unatosha kuonesha kuwa kilomita pekee haziui tasnifu.

Sasa chukulia mwalimu wa sekondari wa Majengo anayeandika pendekezo la utafiti: "Nitawahoji wakulima 60 wa mpunga." Pembeni msimamizi anaandika: "Kwa nini 60?" Rasimu inarudi ikiwa na wakulima 80. Msimamizi aliuliza mantiki ya sampuli. Mwanafunzi akasikia amri ya kuongeza. Video ingefikisha swali hilohilo upesi zaidi, basi. Kilichokosekana ni mwenzake wa kumwambia, kabla rasimu haijatumwa, "Hebu nieleze umewapataje hao."

CARTA, mpango wa kuwafunza watafiti barani Afrika ulioanzishwa mwaka 2008 na kuvihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere na Nairobi miongoni mwa vingine, uliliona hilo. Wanafunzi wa uzamivu hupita kwa makundi katika semina nne za pamoja zinazofuata hatua za utafiti, na wasimamizi nao hupewa mafunzo. Ni mpango wa gharama, lakini kiini chake, yaani kundi, ratiba na ukosoaji wa ana kwa ana, kinahitaji chumba na kalenda tu.

Itasemwa Mpanda haina wabobezi wa kutosha. Lakini Chuo Kikuu cha Sokoine kina Kampasi ya Mizengo Pinda mkoani humu, na mkosoaji mzuri wa rasimu si lazima awe profesa. Chuo kisichoweza kuwakutanisha watafiti wake wa mkoani mara moja kila muhula kisiwadahili.