Nani Alilipia Mwisenge? Hesabu za Shule Zetu Enzi za Mkoloni

Wazawa wenzangu, kila mwaka kijarida hiki huja na picha za madarasa tunayotaka kujenga au kuezeka. Safari hii kamati imeniomba niandike historia kidogo. Mimi ni mhasibu, si mwanahistoria, kwa hiyo nimeiangalia historia ya shule za kwetu kama ninavyoangalia daftari la fedha: zilitoka kwa nani, nani aliidhinisha matumizi, na nani alinufaika.

Shule ya kuanzia ni ile tunayoijua wote. Mwaka 1934 Kambarage, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, aliondoka Butiama kwenda kusoma Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Umbali ni maili 26, kama kilomita 42. Anayetajwa kumshauri Burito ampeleke mtoto shule ni Chifu Mohamed Makongoro wa Ikizu, huku ambako leo ni Wilaya ya Bunda. Mwaka 1937 kijana akaenda Tabora, na yaliyofuata yanafahamika.

Tunaisimulia hadithi hiyo kwa fahari, na ni haki yetu. Kinachosahaulika ni kwamba Mwisenge ilikuwa shule ya serikali ya wenyeji. Mfuko wake ulikuwa hazina ya wenyeji, na hazina hiyo ilijazwa na kodi ya watu wa wilaya, wakiwemo maelfu ambao watoto wao hawakuwahi kukanyaga pale.

Utaratibu wenyewe uliletwa na Gavana Donald Cameron. Alifika Tanganyika mwaka 1925, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya mamlaka za wenyeji. Machifu wakawa mkono wa serikali vijijini. Kodi ya nyumba na ya kichwa ilikusanywa na wao pamoja na wanangwa wao, ikapelekwa boma, kisha sehemu yake ikarudishwa kwenye hazina ya wenyeji. Humo ziliingia pia ada za mabaraza na ushuru wa minada. Mwenye wake wengi alilipia nyumba ya kila mke, na kwetu hilo halikuwa jambo dogo: Burito mwenyewe alikuwa na wake 22. Fedha ya kulipia ilitafutwa kwa pamba, kwa kuuza ng'ombe, au kwa kibarua kwenye machimbo ya dhahabu kama Buhemba.

Upande wa matumizi ndipo pananivutia zaidi. Bajeti ya hazina ilikuwa haipiti bila idhini ya mkuu wa wilaya, Mwingereza. Fungu la kwanza na nono kuliko yote lilikuwa mishahara ya machifu na wanangwa. Baada yao wanakuja makarani, matarishi na mabaraza. Barabara, zahanati na shule ziligawana kilichobaki. Mwaka wa mavuno mabaya au bei ya chini kilichobaki kilikuwa kidogo mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 bei za mazao zilianguka dunia nzima, na serikali kuu nayo ikakata bajeti ya elimu. Kwa hiyo Kambarage aliingia darasani katika kipindi ambacho fedha ya shule ilikuwa haba kweli kweli.

Na kiti kilipokuwa kimoja kilikwenda kwa nani? Waingereza walitaka watoto wa machifu wasome kwanza, kwa kuwa ndio waliotarajiwa kurithi utawala. Shule ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925 kwa lengo hilo hilo. Kihasibu, mkulima wa Majita na mfugaji wa Buhemba walikuwa wanamsomesha mtoto wa mtu mwingine. Silisemi hili kumpunguzia heshima Baba wa Taifa. Yeye mwenyewe alilijua deni hilo, na nadhani sehemu kubwa ya siasa yake ya elimu ilikuwa njia ya kulilipa.

Pembeni ya shule za hazina zilikuwepo za misheni. Mapadre Weupe walikuwa Nyegina, Waadventista Majita na Ikizu, na Wamennonite walioanzia Shirati mwaka 1934 wakasogea hadi Mugango na Bumangi. Sheria ya elimu ya mwaka 1927 iliweka ruzuku kwa shule ya misheni iliyokuwa na mwalimu mwenye cheti na iliyofuata mtaala uliokubaliwa. Kijijini, shule nyingi zilikuwa kibanda cha nyasi na katekista mmoja, basi ruzuku haikuzifikia. Mwalimu wa namna hiyo alilishwa na wanakijiji. Akiugua, akihama au akipata kazi ya mshahara mjini, shule inakwisha, ingawa kibanda bado kimesimama.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kujenga hakujawahi kuwa sehemu ngumu kwetu. Miti, udongo, nyasi na mikono ilikuwepo. Kilichoamua shule ipi iishi na ipi ife ni matumizi ya kawaida: mshahara wa mwalimu kila mwezi, chaki, vitabu, chakula cha wanafunzi wa bweni. Mwisenge ilidumu kwa sababu ilikuwa na kasma ya kudumu kwenye hazina. Ndiyo iliyowezesha mwalimu kama James Irenge, aliyemfundisha Nyerere pale, kuingia darasani leo, kesho na mwaka unaofuata.

Baada ya vita vya pili ulikuja mpango wa miaka kumi wa elimu, 1947 hadi 1956. Shule za darasa la kwanza hadi la nne ziliongezeka, zikaja na shule za kati za darasa la tano hadi la nane. Gharama nazo zilizidi kusukumwa kwa serikali za wenyeji na kwa ada za wazazi. Mbuzi wengi wa wilaya yetu waliishia kwenye ada. Wasichana ndio waliokosa, maana baba mwenye ada ya mtoto mmoja alimchagua wa kiume. Miaka ya 1950 chama cha wazazi, TAPA, kikaanza kufungua shule zake, nyingi zikiwa na tatizo lile lile: jengo lipo, mshahara haupo.

Uhuru ulipokuja uchifu ulifutwa, mwaka 1963, na hazina zikahamia halmashauri. Mwaka 1972 halmashauri nazo zikavunjwa, zikarudi 1984. Katikati ya hayo, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapa hapa Musoma na kutoa azimio kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Wananchi walijenga madarasa kwa nguvu zao, na kwa kasi. Walimu hawakupatikana kwa kasi hiyo, ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wafundishwe ualimu wakiwa kazini. Wenye maneno wakasema UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Utani mchungu, lakini waliofundishwa na vijana hao tumo humu na tunasoma kijarida hiki.

Tangu MMEM wa mwaka 2002, ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi imehesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kiwango hicho kilikaa hapo miaka mingi huku bei ya kila kitu ikipanda. Mwalimu mkuu mwenye wanafunzi 400 anahesabiwa milioni 4 za vitabu, mitihani, ukarabati na karatasi. Sisi tulioko Dar es Salaam, Mwanza na Arusha tunamletea bati. Bati ni zuri, linapigwa picha, lina sherehe ya kukabidhi. Baada ya sherehe mwalimu mkuu anabaki na darasa jipya ndani ya ruzuku ile ile.

Kwa hiyo nimeiomba kamati, nayo imekubali, kwamba fomu ya ahadi ya mwaka huu iwe na mistari miwili. Wa kwanza ni ujenzi, kama kawaida. Wa pili ni uendeshaji: vitabu, chakula cha mchana kwa madarasa ya mtihani, na posho ya walimu wa kujitolea wa hisabati na sayansi. Pendekezo langu kwenye mkutano mkuu litakuwa kwamba theluthi moja ya makusanyo iende mstari wa pili, kwa ahadi ya miaka mitatu mfululizo, na taarifa ya matumizi ibandikwe kwenye ubao wa kila shule ambapo mzazi yeyote anaweza kuisoma. Anayeona theluthi ni nyingi, au ni ndogo, aje na hesabu zake.